Fedha ya Kukombolewa

Mufulira, kwenye migodi ya shaba
Jumapili, baada ya ibada

Dada yangu mpendwa Lidia,

Weka jembe chini kwanza, unawe mikono, umwite Mama asogee mlangoni penye mwanga, ndipo uanze kusoma. Najua ukiipata barua hii utataka kuisoma huku unapalilia. Hamjambo nyote hapo Nanyala? Mguu wa Mama unaendeleaje? Bado unamtangazia mvua kabla ya mawingu, au umeacha kazi hiyo? Na kahawa, imechanua? Juzi huku mvua ilipokatika nilisimama nje ya tanuri nikavuta hewa puani, nikitafuta ile harufu ya mashamba yetu asubuhi, kahawa ikiwa nyeupe kila mahali. Nikapata moshi wa mgodi tu, ule unaokereketa koo. Mwili wangu ni mzima, namshukuru Mungu. Moyo ndio unaochechemea kidogo, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Naye mke wa mzee wa kanisa, ambaye bila shaka alikuja kuomba chumvi mara tu alipoona bahasha, namwamkia pia. Shikamoo mama. Kaa, usikilize, mambo ni mengi.

Bado nafanya kazi kwenye tanuri la mikate ya kambi. Wewe uliyekuwa unanicheka kwa kushindwa kusonga ugali wa watu watatu, ungeniona sasa ninavyokanda madonge ya unga mpaka mabega yanalia. Mikate yenyewe hainishibishi. Nikila nasikia njaa ya kitu kingine, nikifikiri sana nagundua ni viazi vyako vya kuchoma, vile vilivyoungua upande mmoja kwa sababu ulikuwa unaongea. Watu wa huku wanatuita sote Wanyakyusa. Uwe Mnyiha, uwe Mnamwanga, uwe Msafwa, ukishatoka upande wetu wewe ni Mnyakyusa. Mwanzoni nilikuwa nagombana nao, siku hizi naitika tu. Kazi ya mkate ina ubaya mmoja: ni lazima nitoke kambini kabla hakujapambazuka, peke yangu, nipite kwenye kijia chenye nyasi ndefu mpaka tanurini. Hapo ndipo habari yangu inapoanzia.

Kuna watu huku wanaitwa banyama. Watu wa pwani wangesema mumiani. Hakuna aliyewaona, lakini kila mtu atakueleza wanavyofanana. Wanasema wanakuvizia njiani, wanakugusa kwa kijiti, nawe unalegea na kuwafuata bila kelele. Unapelekwa Kongo kuuzwa. Kuuzwa kwenyewe siko kunakowatisha zaidi. Wanasema ukishaguswa na kijiti kile unasahau kwenu: unasahau jina lako, lugha yako na mama aliyekuzaa. Nilipokuwa mgeni nilikuwa nacheka. Unanijua, mimi nacheka hata msibani. Ila tangu Nzowa apotee sicheki tena.

Nzowa ni yule kijana wa Mbangala niliyewahi kukuandikia habari zake, tuliyekuwa tunalala naye chumba kimoja, hodari wa kuimba sauti ya chini kanisani na mvivu wa kufua. Siku moja nilirudi kutoka kazini nikakuta kitanda chake kitupu. Nikasema yuko kwenye pombe. Kesho yake hakurudi, wala kesho kutwa. Sanduku lake lilikuwa palepale chini ya kitanda. Tungesema amekwenda nyumbani, lakini unajua desturi yetu. Mtu wa kwetu akienda nyumbani, kambi nzima inajua. Watu wanamletea barua, vitambaa, sabuni, viatu vya mtoto, sufuria ya mama mkwe, mpaka yeye mwenyewe anakosa pa kukaa kwenye lori. Hakuna aliyewahi kuondoka hapa bila mzigo wa mwenzake. Nzowa hakubeba hata salamu ya mtu mmoja. Basi tukajua ametekwa. Hakuna hata aliyebisha.

Ndipo Mzee Siame alipoanzisha chama. Mzee huyu ni Mnamwanga wa upande wa Tunduma, amekaa huku tangu shimo la mgodi lilipokuwa fupi, na ndiye tunayemwendea tukipata msiba au ugomvi. Alitukusanya tulipotoka kanisani.

“Mtu aliyeuzwa hununuliwa tena,” akasema. “Babu zetu walipotekwa, walikombolewa kwa majembe na mbuzi. Sisi tutakombolewa kwa fedha. Lakini fedha iwe tayari, mukwai, ndugu zangu. Mtu akishavuka kwenda Kongo, mhesabuni amekufa.”

Kwa hiyo kila mtu atoe kiingilio, kisha atoe kidogo kidogo kila akipata mshahara. Ukitekwa, chama kinatuma watu na fedha, wanakufuata popote na kukununua. Usipotekwa, fedha yako haikurudii. Mpasua mbao mmoja akauliza, “Sasa nikizeeka hapa sijatekwa, nitakuwa nimekula nini?”

“Utakuwa umekula usingizi,” Mzee akamjibu. Watu wakacheka, halafu wakaanza kutoa.

Mimi sijatoa. Kiingilio ni kikubwa, Dada. Nakwambia wazi, ni sawasawa na nauli ya lori kutoka huku mpaka kwetu. Nauli hiyo ninayo. Nimeifunga kwenye kitambaa tangu mwaka jana, huku nikikuahidi kila barua kwamba nakuja. Siwezi kuwa na vyote viwili. Nikiingia chamani sitakuja mwaka huu, na mwaka ujao sijui, na Mama umri unakwenda. Nisipoingia, kila alfajiri nitapita kwenye nyasi zile nikijua kwamba nikichukuliwa hakuna atakayetumwa kunitafuta. Nalala na kitambaa kile chini ya kichwa, najigeuza upande huu na upande ule.

Kuna sharti jingine la chama ambalo lilinichekesha, halafu likaniliza. Kila anayeingia anampa Mzee Siame swali moja la nyumbani, ambalo jibu lake analijua yeye tu na watu wa nyumba yake. Ukipatikana, unaulizwa swali lako. Ukijibu, bado wewe ni mtu, fedha inatolewa. Ukishindwa, kijiti kimeshakumaliza, na chama hakina haja ya kununua mwili mtupu. Mzee haandiki maswali hayo popote, anayaweka kichwani mwake.

Nikaenda kwake kujaribu swali langu, kabla sijaamua lolote. Nikamwambia: niulize Mama alikuwa anachanganya nini kwenye maharage mvua zikianza.

“Majani ya maboga,” akasema kabla sijamaliza. “Kila mama anachanganya.”

Nikasema: basi niulize tulikuwa tunapasha miguu moto wapi asubuhi za baridi.

“Pale ng’ombe alipolala. Unadhani mimi sikuwa na miguu?”

Nikasema: niulize baba alikuwa anafanya nini akirudi kutoka kwenye mizinga ya asali.

“Anawaambia watoto wasisogee, na watoto wanasogea. Mwanangu, hayo ni ya kila mtu. Niletee kitu chako mwenyewe.”

Nilirudi chumbani nimekasirika. Vitu nilivyokuwa navihifadhi miaka yote kama mali yangu, kumbe vimelala kwenye vichwa vya kambi nzima! Nikajilaza nikaanza kupekua. Nikakumbuka ukungu unavyoingia ndani ya nyumba asubuhi ukifungua mlango, Mama anaufukuza kwa kanga kama kuku. Nikakumbuka kumbikumbi wa kwanza, wewe ukiniambia nile wenye mabawa kwa sababu ndio watamu, halafu unanicheka ninavyotema. Nikakumbuka sala ya jioni, Baba anafumba macho na kuombea kila ndugu kwa jina mpaka wale wa ng’ambo ya mto Momba, na wewe unanifinya nisisinzie. Nilikaa na hayo mpaka nikasahau nilikuwa natafuta swali. Dada, nawakumbuka vibaya. Sijui nikuambie namna gani. Nawakumbuka mpaka kifua kinauma mahali pa kuonyesha kwa kidole.

Basi nikaona nikuombe wewe unitafutie kitu ambacho ni cha kwetu peke yetu. Halafu nikajicheka, maana barua hii unaisoma kwa sauti, na nikiandika hata mfano mmoja, kesho Nanyala nzima wanao na Jumapili umefika Mbozi yote. Jibu lako wewe nitalisoma peke yangu, kwa hiyo liandike hilo neno bila kumwambia mtu. Pia niambie, nitoe kiingilio au nisitoe? Wewe ndiye uliyekuwa unaniamulia hata shati la kuvaa kanisani.

*

Dada, barua niliiacha hapo juu kwa sababu Mzee Siame alinitumia mtu. Sasa naiendeleza, ni Jumapili nyingine, na mambo yamebadilika kabisa. Kuanzia hapa usisome kwa sauti. Mwambie Mama kwamba nimeandika habari za bei ya unga. Mke wa mzee wa kanisa mpe hiyo chumvi, aende nayo.

Dereva mmoja wa lori alikuja kambini akasema amemwona Nzowa mjini Ndola, nyuma ya soko, kwenye uwanja wa mtu anayeuza kuni. Kambi ikachemka. Chama kilikutana siku hiyohiyo, kikakubali kumkomboa ingawa alipotea kabla hakijaanza. Mzee Siame akashona fedha za chama ndani ya koti lake, na wakanichagua mimi niende naye, ingawa si mwanachama, kwa sababu mimi ndiye ninayemjua Nzowa kwa usingizi na kwa macho. Msimamizi wa tanuri alininunia, lakini alinipa ruhusa. Njiani Mzee alinieleza namna ya kuzungumza na banyama: usiwatazame mikononi, usipokee sukari yao, uwaachie wao wataje bei kwanza. Mimi nilikuwa natetemeka, naye pia alikuwa anatetemeka, ila yeye alisema ni lori.

Tulimkuta mchana kweupe, anapasua kuni. Hapakuwa na mlinzi, wala kamba, wala nyumba ya siri. Palikuwa na rundo la magogo na kuku wawili. Amekonda, ndevu zimemvamia. Aliponiona, shoka lilimponyoka. Nilitaka kumkimbilia, Mzee akanizuia kwa mkono. Hakumsalimu. Alisimama mbali, akauliza kama hakimu swali nililompa mimi njiani, maana Nzowa aliwahi kunisimulia chumbani:

“Mama yako alikuwa anakuamsha namna gani?”

Nzowa alitutazama, macho hayaendi popote, nami nikasema moyoni, amekwisha. Kisha akafungua mdomo.

“Akitoka mtoni na mtungi, ananidondoshea maji miguuni. Maji yana mchanga. Mimi najifanya nimelala, naye anajifanya ni bahati mbaya. Mchanga unakaukia katikati ya vidole, nashinda nao shuleni.”

Hakunyamaza hapo. Alitaja jina la mbwa wao. Akataja jirani aliyekuwa anaimba zaburi kwa sauti mbaya na kujisifu. Akataja namna mlango wa nyumba yao unavyokwama masika, unauinua kidogo kisha unausukuma kwa goti. Hakuna aliyemwuliza hayo. Alisema mpaka akaanza kulia, akasimama pale kati ya magogo na mikono yake mitupu. Dada, anakumbuka nyumbani kuliko mimi.

Mzee Siame alikuwa ameshaanza kukata uzi wa koti. Alikuwa na furaha ya mtu ambaye chama chake kimefanya kazi. “Basi, wewe ni mzima,” akasema. “Nionyeshe wa kumlipa.”

“Hakuna,” Nzowa akasema.

“Usiogope. Fedha ipo. Nionyeshe bwana wako.”

“Mzee, hakuna aliyenichukua. Nilikuwa nakwenda nyumbani.”

Akatueleza tukiwa tumekaa kwenye magogo. Aliondoka kimya kwa sababu hakutaka kubebeshwa zawadi za watu wengine wakati yeye mwenyewe hana hata ya mama yake. Sanduku aliliacha kwa kuwa halikuwa na kitu ndani, aliona haya kushuka nalo. Akapanda lori usoni amejifunika shuka, akasafiri njia yote ile ya kaskazini hadi Nakonde, pale mpakani na kwetu.

“Nikashuka,” akasema. “Nikaona mabati ya maduka ya Tunduma kule ng’ambo, karibu hivi, unaweza kumwita mtu akakusikia. Wanawake walikuwa wanauza viazi, wanacheka kwa namna ya kwetu. Nilikuwa nimebakiza kuvuka tu. Nikakaa chini, nikajiuliza nitamwambia nini mama. Miaka yote hii nilikuwa wapi? Nimeleta nini? Nikaona nipumzike kwanza. Jua likazunguka, na mimi nimekaa. Kisha lori linalorudi kusini likapiga honi, nikaona miguu yangu inapanda.”

Kurudi Mufulira hakuweza, maana angewaeleza nini watu? Ndipo akaishia Ndola.

Nikamwambia, “Nzowa, ndugu yangu, twende. Tutakupeleka sisi.” Mzee naye akasema fedha hizihizi za chama zitakuwa nauli, nani atatuuliza?

Akatikisa kichwa. “Mtanipeleka mpaka wapi? Ninyi mna kazi, mtanifikisha Nakonde mnigeuzie mgongo, na mimi nitageuka tena. Najijua. Angekuwepo mtu wa nyumbani amesimama pale siku ile, hata mtoto, ningevuka.”

Kisha akaokota shoka lake akaendelea na kuni, na sisi tukabaki tumekaa.

Tulirudi na fedha zote ndani ya koti. Tulipokaribia kambini Mzee Siame akaniambia, “Mimi mwenyewe sijakanyaga nyumbani tangu mtoto wangu wa kwanza azaliwe, na sasa ana watoto. Watu wanadhani nimeng’ang’ania kazi.” Akaangalia nje. Kesho yake alimtuma mtu anayepanda kwenda Mbangala, apeleke neno kwa mama yake Nzowa mdomo kwa mdomo, kwamba mwanae yuko hai, yuko Ndola, na anayemtaka aje amchukue. Chama kimekubali kulipa nauli ya mama huyo kuja na nauli ya wawili kurudi. Wapo walionung’unika kwamba hilo halikuwa kwenye makubaliano. Mzee aliwaambia wanaonung’unika warudishiwe chao. Hakuna aliyekwenda kuchukua.

Sasa nakuja kwangu. Nauli ninayo tangu mwaka jana, Dada. Malori yanaondoka hapa kila wiki. Mimi nilikuwa najiambia nasubiri mvua ziishe, nasubiri mshahara mmoja zaidi, nasubiri viatu. Juzi nilikuwa najiambia nasubiri niamue kwanza habari ya chama. Nilipokaa kwenye magogo yale Ndola ndipo nilipojisikia nikizungumza kwa mdomo wa Nzowa. Nilikuja huku kutafuta baiskeli na mabati ya nyumba ya Mama. Sina baiskeli, sina mabati. Baba alizikwa mimi sipo. Habari iliponifikia, mlikuwa mmeshaondoa matanga zamani. Naogopa kuingia uani nikaona mahali alipokuwa anakaa akichonga mizinga. Naogopa Mama atanitazama mikononi, ingawa najua hatanitazama mikononi. Hilo naliogopa kuliko banyama wote wa Rhodesia, na nimelia nilipolitambua, mtu mzima mimi, mbele ya unga.

Basi sitatoa kiingilio. Nimemwambia Mzee Siame, naye hakubisha, alinishika bega tu. Swali la nyumbani usinitafutie tena.

Nisalimie mjomba, yule aliyenifundisha kupanda mti wa mizinga na kuniacha huko juu nijifunze kushuka. Msalimie mwalimu wetu wa shule ya misheni, umwambie mwandiko wangu ni ule ule, kosa ni la kalamu. Wasalimie wanao, hasa binti mkubwa ambaye nasikia sasa ana sauti ndani ya nyumba kukushinda wewe. Wasalimie majirani wote wa upande wa mashamba ya kahawa. Mama mwambie nampenda, nampenda sana, na uhakikishe anafunga ule mguu kitambaa cha joto jioni.

Neno la mwisho ni lako wewe. Nitapanda lori la wiki ya Pentekoste, na Mungu akipenda Jumamosi yake nitashuka Nakonde. Mama usimwambie siku, asije akapika na kungoja bure. Mwambie unakwenda kumwona shangazi yetu wa Tunduma, ulale kwake Ijumaa. Lakini usinisubiri kwake, wala usinisubiri mpakani upande wenu. Vuka. Uje mpaka pale malori yanaposimama, upande wa Rhodesia, mapema kabla sijafika. Usiniletee kitu. Ukinikuta nimekaa chini nimeelekea kusini, usiniulize habari za safari wala za kazi. Nishike mkono mbele ya watu wote hao, nikigoma univute, wala usiuachie mpaka tuwe Tunduma.

Mimi mdogo wako,
Yotamu